Hoteli Isiyo na Lifti

Mimi niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikwambia nilikaa wiki nzima nafanya utafiti, elewa kwamba utafiti wenyewe ulikuwa mimi, simu yenye kioo kilichopasuka, na jiwe lililoko nyuma ya banda la mbuzi, maana kwetu mtandao unapatikana ukipanda juu ya lile jiwe tu. Nilikuwa natafuta hoteli Tanga. Hoteli ya kustarehe, mimi na mke wangu, siku mbili. Na watu wa kwetu hatustarehe hotelini. Ukisikia mtu wa kwetu kalala hoteli, ujue kaachwa na basi au ana kesi.

Mke wangu moyo ulikuwa umepanuka. Ndivyo daktari alivyotuambia Same, ameshika picha ya eksirei anaielekeza dirishani. Nikamwambia daktari, huyu moyo wake ni mkubwa tangu zamani, la sivyo asingeolewa na mimi. Daktari hakucheka. Aliyecheka ni mke wangu, halafu akakohoa, kicheko kikaishia hapo. Daktari akasubiri amalize kukohoa, akasema, mama, habari ya kupanda milima sasa basi.

Hilo lilikuwa neno dogo kwa daktari. Sisi tunakaa juu ya Gonja. Ukitoka Maore unapanda pikipiki mpaka shule ya msingi, na hapo dereva anakushusha hata kama una pesa ya kuongeza, kwa sababu mbele kuna njia ya miguu tu, katikati ya migomba na tangawizi, na mteremko wake hata mbuzi wanaushuka kwa kushauriana. Mke wangu ameipanda ile njia na kuni kichwani, ameipanda na mimba, ameipanda akiimba nyimbo za kwaya huku mimi nyuma nahema kama ng'ombe wa mnada. Mwaka huu alikuwa anapumzika kila penye jiwe. Siku tuliyorudi kutoka kwa daktari, tulianza kupanda mchana, tukafika nyumbani kuku wameshaingia bandani.

Binti yetu anakaa Tanga, nyumba ya chini, tambarare, na hospitali yenye kliniki ya moyo haiko mbali na kwake. Basi watoto wakakubaliana, mchungaji akakubaliana nao, daktari ndiyo kabisa: mama ahamie Tanga. Tuliwaza apange chumba Maore, pale chini ya mlima tu, niwe nashuka kumwona. Lakini Maore kuna joto na malaria, na kliniki ingebaki kuwa ileile ya mbali. Mimi nihame naye? Tangawizi ndiyo inanunua dawa. Ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, lina zamu zake, na ukikosa zamu yako shamba lako linakunywa stori. Kuna ng'ombe pia. Kwa hiyo yeye aende, mimi nibaki. Baada ya miaka yote ile tulikuwa tunaachana bila hata kugombana.

Yeye mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Kila aliyekuja kumshauri alimpa chai na kumshukuru. Halafu siku moja tunachambua maharage akaniambia atakwenda, ila asifikie kwa mtoto moja kwa moja.

"Nikishaingia kwa mtoto mimi ni mgonjwa," alisema. "Nitafutie hoteli, we mzee. Siku mbili niwe mgeni kwanza."

Ndiyo nikapanda juu ya jiwe.

Hoteli ya kwanza ilikuwa ufukweni, Raskazone, ina bwawa la kuogelea na miavuli. Nikapiga simu, wakanitajia bei, nikakaa kimya mpaka dada wa upande wa pili akauliza kama mtandao umekata. Nikamwambia ndiyo, umekata. Ya pili ilikuwa gesti mpya karibu na stendi, vigae mpaka ukutani, taa za rangirangi, na kwenye picha kitanda kimemwagiwa maua mekundu kama kaburi la tajiri. Nikamwonyesha mke wangu. Akasema yeye hajafa bado.

Ya tatu ilikuwa jengo la zamani la Wajerumani, katikati ya mji, ghorofa yenye baraza za mbao juu na madirisha marefu yenye luva. Rangi ilikuwa inabanduka, unaiona hata kwenye picha. Bei yake ilikuwa ya watu kama sisi, kwa sababu haina bwawa, haina lifti, na kwa maelezo ya mtu mmoja aliyeandika chini ya picha, maji ya moto yanakuja yakijisikia. Mke wangu alipenda kuta. Kanisa letu kule juu limejengwa na wamisionari, kuta nene mno, mchana wa jua kali ukiingia ndani unatamani sweta. Akasema ndani ya kuta za namna ile hata joto la Tanga litapiga hodi kwanza.

Nikaweka chumba cha chini. Nilijiona mtu mwenye akili sana. Dada wa mapokezi aliniambia vyumba vya juu ni nafuu, vya chini vina kiyoyozi kwa hiyo bei imechangamka. Nikachukua cha chini bila kuomba punguzo, na kama unatujua sisi Wapare na ubahili wetu utaelewa kwamba huo ulikuwa upendo.

Kupata pa kula kulinishinda. Daktari alikataza chumvi. Sasa jaribu wewe kupigia simu migahawa ya Tanga, mji wa watu wanaojua kupika, uwaulize kama wanapika bila chumvi. Mmoja aliniambia, "Mzee, sisi siyo hospitali." Mwingine, mama wa pilau aliyesifiwa sana mtandaoni, alinielewesha kwa upole kwamba pilau inapikwa sufuria moja kwa watu wote, na watu wote wana ulimi. Nikaamua migahawa tutaitafuta kwa miguu, nionje chakula kabla yake, kama wale watumishi wa wafalme wanaoonja sumu.

Binti alipopata habari alinipigia, na hakuwa na furaha. Watu watamwonaje, wazazi wake walale gesti na yeye ana vyumba? Nikamwambia hiyo siyo gesti, hiyo ni historia. Akasema, "Baba, historia si uliishia form two?" Ni kweli, na hata hiyo ya form two sikuimaliza. Nikampa simu mama yake. Sijui waliongea nini. Mke wangu alienda nayo mbali kidogo, mtandao ukakata, akarudi akasema mtoto ameelewa.

Tulishuka asubuhi, polepole. Majirani walitoka kutuaga na kila mmoja alisema "utarudi", na mke wangu alijibu kila mmoja "nitarudi", kwa sauti ya mtu anayeaga kwenda sokoni. Maore tukapata basi. Tukapita Ndungu, tukapita Bendera, na muda wote huo alikuwa amegeukia dirisha la upande wa mlima. Mimi namwonyesha vitu vya upande wangu, ona mashamba ya mpunga, ona yule Mmasai na pikipiki yake, yeye anaitikia bila kugeuka. Tulipopita Mkomazi, milima yetu ikaisha, ikaanza ya Wasambaa. Hapo ndipo akageuza shingo, akaniomba maji.

Tulifika hotelini jua likiwa limeanza kupoa. Dada wa mapokezi alitupa shikamoo, tukamwitikia, akatoa ufunguo wa chumba cha chini. Mke wangu hakuupokea.

"Tupe cha juu, mwanangu," alisema.

Dada akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Akasema, "Mama, juu hakuna lifti."

"Hata kwetu hakuna."

Nikaanza kueleza kwamba nilishapanga, nilishalipia kiyoyozi, mimi mwenyewe nina joto. Mke wangu akanishika mkono, akanisogeza pembeni, karibu na ngazi. Zilikuwa ngazi za mbao, pana, zinapanda mpaka kwenye sakafu ndogo yenye dirisha, halafu zinakata kona na kupanda tena. Alizitazama namna ninavyomtazama mtu anayenidai.

"Nikifika juu bila kupumzika, narudi na wewe nyumbani," akasema. "Nikishindwa, nakwenda kwa mtoto. Na usinibishie, moyo ni wangu."

Kumbe hilo ndilo lilikuwa kichwani mwake tangu kwenye maharage. Hakutaka hoteli ya kustarehe. Alitaka mtihani, na alitaka aufanyie mahali ambapo hakuna mtoto wa kulia wala mchungaji wa kuomba. Nikabadilisha ufunguo. Dada akanirudishia hela iliyozidi, na ile siku ndiyo mara yangu ya kwanza kurudishiwa hela nikaona bora wangebaki nayo.

Tukaanza kupanda. Mimi mbele na begi, yeye nyuma ameshika reli ya ngazi. Ukutani kulikuwa na picha za zamani, nyeusi na nyeupe, kwenye fremu: wazungu na kofia zao, treni, wanaume wamebeba mkonge, wanawake wamesimama mbele ya jengo hilihili likiwa jipya. Nikageuka mwanahistoria pale pale. Kila tulipofika kwenye picha nasimama, naweka begi chini, nasogeza macho. Hebu ona, mama, hii treni. Hebu ona huyu mzungu masharubu yake, huyu akipiga chafya si anajifagia? Nikamwuliza dada kwa sauti, aliyekuwa bado chini, hili jengo zamani lilikuwa nini? Akasema anavyojua lilikuwa duka, halafu ofisi za watu wa mkonge, halafu ndiyo hoteli. Nikasema ahaa, nikasema tena ahaa, nikauliza duka la nini, hakujua, nikamwambia afikirie taratibu. Nyuma yangu namsikia mke wangu anavuta pumzi, inakuja, inakuja, inatulia. Ikitulia nabeba begi.

Tulifika. Chumba kilikuwa kizuri kuliko sisi. Kitanda kirefu kutoka chini, chandarua kama pazia la harusi, na mlango wa kutokea barazani. Kutoka pale tuliona mapaa ya mabati, minazi, na kule mbali bandarini meli moja ya mizigo imesimama kama imesahau ilichofuata. Nikamwambia, umefaulu, mama watoto, kesho kutwa tunarudi wote.

Alikuwa amekaa kitandani, viganja juu ya magoti.

"Hiyo haihesabiki," alisema. "Ulinipumzisha kwa picha."

Nikajidai sijui anasema nini. Akasema yeye amekaa na mimi muda mrefu, na tangu lini mimi nikapenda treni.

Jioni ile tulikula uchochoroni nyuma ya hoteli, kwa mama mmoja anayekaanga samaki barazani kwake. Nilimweleza habari ya chumvi nikiwa nimeshajiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema mama yake mzazi alikuwa hivyohivyo, akachukua samaki ambaye hajakolezwa, akamkamulia ndimu nyingi na pilipili kidogo, akasema ndimu inaudanganya ulimi. Mke wangu alikula samaki mzima. Sikumbuki mara ya mwisho alimaliza sahani. Tulikaa pale mpaka yule mama akaanza kukusanya viti, wanaongea wao wawili kuhusu watoto wa siku hizi, na mimi nasemwa kama sipo. Alimwuliza kama tumekuja kutembea. Mke wangu akasema ndiyo, tumekuja kutembea tu.

Kurudi juu alipumzika kwenye ile sakafu ya katikati. Alisema hiyo nayo haihesabiki, ameshiba.

Kesho yake tulitembea mjini, na hapo nilipata tumaini la kijinga. Tanga ni tambarare. Alitembea kama msichana. Tulizunguka bustanini karibu na bahari, tukaenda mpaka sokoni, akapapasa vitenge ambavyo hatukununua, akabishana na muuza machungwa mpaka muuza machungwa akamwita shangazi. Nikawa namwangalia miguu, haijavimba sana. Nikajiambia daktari naye ni mtu, anakosea. Mchana tukala kwenye mgahawa wenye feni, nikaonja mchuzi kabla yake, ukawa na chumvi, akala wali mtupu na parachichi, akasema ni mzuri.

Tuliporudi hotelini aliniambia nikae pale mapokezi. "Usinifuate, wala usiniongeleshe. Nikifika nitakuita barazani."

Nikakaa kwenye kochi la ngozi lililopasuka. Dada wa mapokezi alikuwa anachezea simu. Alishaelewa. Ngazi za mbao za zamani zinalia, na kwa ule mlio nilikuwa namwona mke wangu bila kumwona. Ikalia, ikalia, ikalia, mwendo mzuri, mwendo wa mtu na hamsini zake. Nikamkonyeza dada. Akatabasamu. Ikalia tena. Halafu ikachelewa. Ikalia. Halafu ikachelewa zaidi. Dada akaweka simu mezani. Nje muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe vyake, nikatamani nikamnyang'anye. Ngazi hazikulia tena.

Niliambiwa nisimfuate, na mimi ni mtu wa kuvunja ahadi ndogondogo kila siku, lakini ile nilishindwa kuivunja. Niliona nikiinuka ndiyo nitakuwa nimemfelisha mimi. Kwa hiyo nikakaa, mtu mzima, nimeshika kofia yangu kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikawa nasema kimoyomoyo panda, mama, panda. Mimi ambaye kanisani huwa nasinzia wakati wa maombi.

"We mzee."

Sauti haikutoka barazani. Ilitoka pale kwenye kona.

Nikapanda. Alikuwa ameketi kwenye ile sakafu ya katikati, chini ya dirisha, mgongo ukutani, ndala amezivua ameziweka pembeni kwa adabu kama yuko mlangoni kwa mtu. Mkono uko kifuani. Midomo imebadilika rangi. Nikakaa naye chini.

Nikasema ni hizi ngazi, mama, Wajerumani walizitengeneza ndefu makusudi, kwa ajili ya kukomoa watu.

"Usinichekeshe," alisema. "Sina pumzi."

Basi nikanyamaza. Kuna watu wananijua maisha yangu yote na hawajawahi kuniona nimenyamaza. Tulikaa pale, bega kwa bega, mpaka pumzi yake ikaanza kurudi kidogo kidogo. Kulikuwa na mgeni mmoja anashuka, kijana wa mkoba, akatusalimia shikamoo akatupita kwa ubavu kama vile ni kawaida wazee kukaa kwenye ngazi.

"Kesho nipeleke kwa mtoto," akasema mke wangu.

Nikasema sawa. Nilitafuta utani, wowote, hata ule wa zamani, nikakuta hakuna.

Dada wa mapokezi alikuja mwenyewe na ufunguo wa chini. Hakutaja bei, na mimi sikuuliza. Tulimshusha mke wangu wote wawili, ameshika mabega yetu, na kila ngazi alisema "asante". Kule juu nilipanda peke yangu kuchukua begi. Nilifunga ule mlango wa barazani. Zile picha nilizipita bila kuziangalia.

Kwa binti kila kitu kilikuwa tayari. Chumba chenye dirisha, kitanda, mito mitatu kwa ajili ya kulala ameinuka, ndoo, hata kalenda ya kliniki ukutani. Binti alilia kidogo, akapika, akaonja mwenyewe kuhakikisha hakuna chumvi. Mke wangu akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Nilimwona anageuka mgonjwa palepale, kama alivyosema. Mabega yake yalishuka. Aliulizwa kama anataka chai akaangalia upande wangu kwanza, mtu ambaye nyumbani kwake ndiye anayeamua nani anywe chai.

Nikalala hapo usiku mmoja, na alfajiri nilipotaka kuondoka alisimama anisindikize. Binti akasema mama pumzika. Akasema mgeni anasindikizwa. Nikamwambia mimi tangu lini nikawa mgeni, akasema tangu leo.

Kwetu akisindikiza mtu huwa anaishia pale mgomba wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo ni mteremko na atatakiwa kuupanda tena. Tanga hakuna mteremko. Tulitoka getini, tukapita dukani, tukapita msikitini, nikamwambia rudi, akasema hapa naweza. Akaendelea. Njiani alinipa maagizo. Ng'ombe mweusi asikamuliwe na jirani, hampendi. Mvua zikianza nilale upande wake wa kitanda, wangu unavuja. Watu wa kwaya niwaambie ukweli, nisiwatungie hadithi. Tulifika mpaka kwenye barabara ya lami, mbali kuliko alivyowahi kumsindikiza mtu yeyote. Pale pikipiki ikaja. Alinipa mkono kama tunavyopeana mkono watu wa mlimani, akaushikilia.

"Haya, baba," akasema. "Panda."

Nilishuka basi Maore siku hiyohiyo mchana. Kijana wa bodaboda, anayetubeba siku zote, akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia amebaki Tanga. Akasubiri mzaha, alishazoea, akaona hauji, akawasha pikipiki. Alinishusha shuleni, nikashika njia.

Kwa miezi mingi nilikuwa napanda ile njia kwa mwendo wake. Hatua chache, jiwe, maji ya kunywa, maneno mawili matatu kuhusu tangawizi ya jirani, hatua chache tena. Nilishasahau kuwa mimi mwenyewe naweza kupanda. Siku ile miguu ilinichukua tu. Nilipita mawe yote bila kukaa. Nikafika nyumbani kuku wakiwa bado wanachakura uani, jua likiwa bado kali juu ya migomba, mchana mrefu bado uko mbele yangu, na sikujua nifanye nao nini.